Askari wa mwili ndio huwasimamia mafundi wa mishipa ya damu

Kuna barua iliyonifikia ambayo singeweza kuijibu kwa mistari mitatu kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Aliyeiandika ni mama mmoja ambaye babake, mzee wa miaka 63, anaugua kisukari na ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu kwa mwezi wa tano sasa. Kilianzishwa na kokoto iliyoingia kiatuni, naye mzee hakuihisi. Wamekiosha, wamekifunga bendeji, wamebadilisha dawa mara tatu. Sasa jamaa mmoja amewaambia kwamba kuna mahali mzee anaweza kudungwa sindano ya seli shina, nazo zitamtengenezea mishipa mipya ya damu mguuni. Bei waliyotajiwa ni ya kuuza kipande cha shamba. Mama huyu anauliza, je, tuuze?

Jibu fupi ni hapana, msiuze. Jibu refu ndilo hili, na naomba uniwie radhi msomaji nikianzia mbali, kwa sababu jamaa huyo hakusema uongo mtupu. Seli shina zipo. Mishipa ya damu hujitengeneza upya, tena kila siku. Kosa lake ni kudhani kwamba fundi akishafika kwenye mjengo nyumba itasimama, hata kama msimamizi amelewa.

BOMBA LENYE UHAI

Mishipa midogo kuliko yote huitwa kapilari. Ni myembamba hivi kwamba chembe nyekundu za damu hupita humo moja moja, tena zikiwa zimejikunja. August Krogh, mwanasayansi wa Denmark, alikadiria katika miaka ya 1920 kwamba kapilari za mtu mmoja zikiungwa zitafika kilomita 100,000, na vitabu vyetu vikairudia hesabu hiyo kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 2021 hesabu ilifanywa upya ikashuka hadi kati ya kilomita 9,000 na 19,000. Hata kwa hesabu hii ndogo, ni zaidi ya mara tisa ya barabara ya kutoka Mombasa hadi Malaba, na yote imo ndani ya mwili wako.

Ndani ya kila mshipa kuna utando wa seli bapa, safu moja tu. Usiufananishe na plastiki ya bomba la maji. Utando huu ndio huamua damu igande wapi, mshipa ubane au upanuke lini, na chembe zipi za kinga ziruhusiwe kutoka kwenye damu ziingie nyamani. Kisu huukata, lakini hata bila kisu huwa unakwaruzwa na sukari nyingi, presha ya juu na moshi wa sigara.

Je, ni nani huutengeneza? Mara nyingi ni seli jirani za utando huo huo, ambazo hugawanyika na kutambaa mpaka pengo lizibwe. Pengo likiwa kubwa, au sehemu ya nyama ikikosa damu kabisa, inabidi mishipa mipya ichipuke, na hapo ndipo seli shina huingia. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Kuanzia mwaka 1961, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba ndani ya uboho wa mifupa mna seli ambazo hata moja tu inaweza kuzaa ukoo mzima wa chembe za damu. Seli nyingine za aina hiyo hukaa kandokando ya mishipa yenyewe.

Ndipo mwaka 1997 Takayuki Asahara, Jeffrey Isner na wenzao wa Boston, Marekani, wakatangaza kwamba katika damu ya mtu mzima mna seli zitokazo ubohoni ambazo zinaweza kugeuka kuwa utando wa mshipa. Habari hii iliamsha matumaini makubwa. Kabla ya hapo ilifikiriwa kwamba kazi ya namna hiyo hufanyika tu mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 2003 wataalamu wengine walionyesha kwamba watu wenye seli hizo chache ndio wenye mishipa dhaifu na hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo. Hesabu ilionekana kukamilika: ongeza seli, mishipa itapona.

Kumbe palikuwa na jambo. Wataalamu walipozichunguza seli hizo kwa makini zaidi, hasa kati ya 2003 na 2007, waligundua kwamba nyingi hazikuwa mafundi hata kidogo. Zilikuwa chembe nyeupe za damu, za ukoo wa kinga! Alama zilizotumiwa kuzitambua maabarani, kama vile kumeza mafuta fulani yaliyotiwa rangi, hupatikana kwa utando wa mshipa na hupatikana pia kwa chembe za kinga. Wajenzi halisi wapo, na kundi la Mervin Yoder na David Ingram katika jimbo la Indiana liliwatenga mwaka 2004, lakini ni wachache mno katika damu.

Lakini hapa ndipo pa kuvutia. Zile seli za kinga zilizodhaniwa kuwa mafundi, zilipodungwa kwa panya aliyefungwa mshipa wa mguu, damu ilirudi mguuni vizuri zaidi kuliko kwa panya ambaye hakudungwa. Kama hazikujenga, basi zilifanya nini?

ASKARI HUFANYA NINI KWENYE MJENGO

Ili tuelewe, tumrudie Elie Metchnikoff, mwanasayansi kutoka himaya ya Urusi. Mwaka 1882 akiwa Messina, katika kisiwa cha Sicily, alichoma mwiba wa waridi ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pweza, mnyama yule wa baharini mwenye mikono mitano. Kiluwiluwi hicho kinapenyeka mwanga kama kioo. Asubuhi yake aliona chembe zimeuzingira mwiba pande zote. Kwa kazi iliyofuata juu ya chembe hizo zinazomeza maadui alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1908. Tangu hapo tumezoea kuziita askari wa mwili, nami sina ugomvi na jina hilo, ila limetufanya tusahau kazi yao ya pili.

Tazama yatokeayo ukijikata kidole jikoni. Kwanza damu huganda. Saa chache baadaye hufika askari wa kwanza, chembe nyeupe zenye maisha mafupi, ambazo huua vijidudu na zenyewe kufa kwa wingi. Usaha unaouona ni mizoga yao kwa sehemu kubwa. Baadaye kidogo huja monosaiti, ambazo zikishatoka kwenye mshipa na kuingia nyamani hukua na kuitwa makrofaji, yaani walaji wakubwa. Nazo huja zikiwa na hasira. Hutoa kemikali za kuleta joto, wekundu na maumivu, na hula takataka na mizoga ya wenzao.

Sasa angalia jambo la ajabu. Kule kula mizoga ndiko kunakobadilisha tabia ya makrofaji. Ikishashiba, hupunguza zile kemikali za vita na kuanza kutoa za ujenzi. Mojawapo huamuru utando wa mishipa iliyo karibu uchipushe matawi. Nyingine huita seli shina kutoka kando ya mshipa na kuziambia ziende wapi na zigeuke nini. Katika kidonda cha kawaida mgeuko huo huanza katika siku za kwanza chache, na mpaka mwisho wa wiki ya kwanza ndio unaotawala. Nyama nyekundu yenye vijipunje uionayo ndani ya kidonda kinachopona, ile inayotoka damu upesi ikiguswa, imejaa kapilari zilizoitwa hivyo.

Wala si kuita tu. Mwaka 2010 wataalamu wa London walionyesha kwamba, katika ubongo na macho ya vitoto vya panya, vichipukizi viwili vya mishipa vinapotafutana ili viungane, makrofaji hukaa katikati na kuvishikanisha. Mwaka 2016 kundi moja la China lilipasua mshipa mdogo ubongoni mwa kisamaki chenye milia kisichozidi urefu wa ukucha, kisha likatazama kwa hadubini. Makrofaji ilifika, ikanyoosha mkono mmoja ukashika ncha hii ya mshipa na mwingine ukashika ncha ile, ikavuta mpaka zikakutana, halafu ikaenda zake. Nimesoma mengi tangu nitoke chuo cha udaktari, lakini machache yamenifurahisha kama hilo.

Mazungumzo haya ni ya pande mbili. Seli shina nazo hutoa kemikali zinazoituliza makrofaji na kuisukuma upande wa ujenzi. Askari humwita fundi, fundi akifika humwambia askari aweke bunduki chini. Wote wawili wakisikilizana, kidonda hufunga.

KISUKARI HUHARIBU MAZUNGUMZO

Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake iko juu kwa miaka, makrofaji za kidondani hazigeuki kwa wakati wake. Hula mizoga kwa uvivu, kwa hivyo haziipati ile ishara ya kubadilika. Hubaki na hasira wiki baada ya wiki, zikitoa kemikali zinazoyeyusha hata ule ujenzi mchache uliokwisha kuanza. Ukikitazama kidonda kama hicho utaona kimekwama palepale, hakizidi wala hakipungui, nacho kina kingo ngumu na rangi iliyofifia.

Tena shida haiko mguuni peke yake. Ndani ya uboho makrofaji hufanya kazi ya bawabu. Majaribio ya panya ya mwaka 2010 na 2011 yalionyesha kwamba bawabu hao wakiondolewa, seli shina humwagika katika damu. Kikundi cha Gian Paolo Fadini huko Padova, Italia, kimeonyesha kwamba katika kisukari bawabu hao hufunga mlango kupita kiasi, kwa kutoa kemikali inayozizuia seli shina zisitoke hata mwili unapoziita. Kwa hivyo mzee wetu si kwamba hana mafundi kabisa. Wamefungiwa nyumbani, na yule anayepaswa kuwapokea kwenye mjengo amesahau kazi.

Sasa rudi kwenye ile sindano. Ukimchukulia mgonjwa kama huyu seli kutoka ubohoni mwake ukamdunga nazo mguuni, umeleta mafundi waliochoka mahali pasipo na msimamizi. Je, kuna waliojaribu kwa uaminifu? Wapo. Huko Utrecht, Uholanzi, wagonjwa 160 waliokuwa na mishipa ya miguu iliyoziba vibaya, baadhi yao wakiwa na kisukari, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walitiwa seli za uboho wao wenyewe katika mshipa wa mguu, mara tatu. Wengine walitiwa maji yaliyofanana nazo, na mgonjwa hakujua amepewa nini. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Seli hazikupunguza kukatwa miguu. Na hebu sikia hili: maumivu yalipungua na hali ikawa nafuu katika makundi yote mawili. Kwa sababu hiyo, ukisikia mtu akisema alidungwa akapata nafuu, huenda asikudanganye hata kidogo, na bado sindano ikawa haikufanya kitu.

Upande wa moyo habari zilikuwa chungu zaidi. Tangu mwaka 2001 tuliambiwa kwamba seli za uboho hujenga upya moyo ulioumia, na wagonjwa wengi waliingizwa katika majaribio kwa matumaini hayo. Oktoba 2018, chuo kikuu cha Harvard na hospitali yake ya Brigham walitaka makala 31 za maabara ya Piero Anversa, aliyekuwa mstari wa mbele katika madai hayo, ziondolewe katika majarida kwa sababu ya data za uongo au zilizopotoshwa.

Ndipo kundi la Jeffery Molkentin huko Cincinnati lilipofanya jaribio ambalo kila mwenye kuuza seli angepaswa kulisoma. Liliwadunga panya wenye mioyo iliyoumia seli shina hai, likawadunga wengine seli zilizokufa, na wengine kemikali inayotokana na hamira. Yote matatu yalisaidia moyo kupiga vizuri zaidi. Lakini panya waliponyimwa makrofaji, au walipopewa dawa ya kuzima kinga, faida ilitoweka. Yaani iliyotibu si seli iliyodungwa. Ni askari wa panya mwenyewe, walioamshwa na ugeni huo wakaja kurekebisha kovu. Makala hiyo ilitoka katika jarida la Nature, na ilionekana kwa mara ya kwanza Novemba 2019.

Usije ukafikiri basi tiba ni kuwaamsha askari. Katika kisukari wako macho kupita kiasi. Wala si kuwalaza. Jaribio kubwa lililotolewa mwaka 2017, la wagonjwa wa moyo zaidi ya 10,000, lilizuia ishara moja tu ya hasira ya chembe za kinga kwa sindano. Mashambulio ya moyo yalipungua, lakini vifo kutokana na vijidudu viliongezeka. Kinga haina kifungo kimoja cha kubonyeza.

KWA MZEE HUYU

Basi mama, pesa na nguvu mlizo nazo zielekeze hapa. Kwanza kabisa, mzee asikanyagie kidonda hicho. Ninajua mmezingatia dawa, lakini kila hatua anayopiga huponda kapilari changa zilizoota jana. Yeye hasikii uchungu, kwa hivyo hawezi kujua. Mwulizeni daktari kuhusu plasta ngumu ya kufunga mguu mpaka chini ya goti, au kiatu maalumu cha kuondoa uzito. Katika kidonda cha unyayo ambapo damu inafika vizuri, hiyo ndiyo tiba yenyewe, na gharama yake haikaribii bei ya shamba.

Pili, mguu upimwe kama damu inafika. Daktari ahisi mipigo juu ya wayo na nyuma ya fundo la mguu, kisha alinganishe presha ya mguuni na ya mkononi. Ya mguuni ikiwa chini ya asilimia 90 ya ile ya mkononi, kuna mshipa uliobana, na huenda daktari wa upasuaji akaweza kuuzibua. Kwa wenye kisukari mishipa mingine huwa imekauka kama mti hata kipimo kikaonyesha presha nzuri ya uongo, kwa hivyo daktari asiridhike na namba hiyo peke yake ikiwa mguu ni baridi au mipigo haisikiki. Mshipa mkubwa ukiwa umeziba, hakuna makrofaji wala seli shina itakayoufidia.

Tatu ni sukari. Mfanyiwe kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, si cha asubuhi moja tu ambayo mzee amejinyima chai. Ikiwa vidonge vimeshindwa, insulini isiogopwe. Nimewaona wazee wengi wakiikataa kwa kuamini kwamba ndiyo iliyomkatisha jirani mguu, ilhali jirani aliianza akiwa tayari amechelewa.

Sigara, kama anavuta, aache leo. Na chunguzeni mfuko wake wa dawa. Wazee wengi hununua dukani vidonge vya kutuliza viungo, na ndani yake mna steroidi kama prednisoloni. Dawa hiyo huinyamazisha makrofaji wakati inapohitajika kusema, na hupandisha sukari. Ila ikiwa amezimeza kwa muda mrefu, asiache ghafla bila daktari, kwani mwili huwa umesahau kutengeneza za kwake. Kidondani msimwage unga wa kapsuli, wala mafuta ya taa, wala dawa inayochoma mara kwa mara. Hivyo huua vijidudu pamoja na wajenzi. Maji safi ya chumvi na bendeji isiyoganda kwenye nyama vinatosha kati ya siku za kwenda zahanati.

Wekundu ukipanda mguuni, harufu ikibadilika, homa ikija, au kidole kikianza kuwa cheusi, msingoje siku ya kliniki. Nendeni hospitali usiku huo huo.

Na mkirudi kwa wale wenye sindano, waulizeni mambo mawili tu: ni jaribio lililoidhinishwa na kamati ipi ya maadili, na kama ni jaribio, mbona mgonjwa ndiye anayelipa?